Sura ya Tano: Petroli ya Chupa na Msitu wa Oloirien

“Hivi mafuta yakiisha duniani, sisi tutafanyaje?”

Swali hili nimeulizwa na kijana wa bodaboda pale Wasso, Loliondo, nikaulizwa na mwalimu wa shule ya msingi, nikaulizwa tena na mama mmoja aliyekuwa ameketi na kibuyu chake cha maziwa akisubiri usafiri wa kwenda mnadani. Kijana aliwaza pikipiki yake. Mwalimu aliwaza nauli ya Arusha. Mama aliwaza unga, maana mashine ya kusaga ya kijijini kwao inakula dizeli, na dizeli ikipanda, bei ya kusaga debe la mahindi hupanda siku hiyohiyo.

Nitalijibu nikiwa nimesimama Enguserosambu. Hii ni kata ya tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, kwenye nyanda za juu zinazopakana na Kenya. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Narok, ni nchi ya Loita. Wakazi wengi ni Wamasai, wafugaji ambao siku hizi hulima pia mahindi na maharage, na vijiji vyao vimeuegemea msitu wa asili ambao wao wenyewe wameutunza kwa vizazi. Sikupachagua kwa sababu pana visima vya mafuta, maana havipo. Nimepachagua kwa sababu ni mwisho wa safari ya mafuta. Jirani zao Wabatemi wa Sale, ambao humwagilia mashamba kwa mifereji tangu enzi za mababu, wanalijua jambo hili bila kufundishwa: chemchemi ikipungua, shamba la mwisho wa mfereji ndilo hukauka kwanza.

Safari ya chupa moja

Sheli, yaani kituo cha mafuta chenye pampu, utaikuta mjini. Ukiingia vijijini, mafuta huuzwa mezani. Ni meza ya mbao kando ya barabara, na juu yake zimepangwa chupa za maji ya kunywa zilizojazwa petroli. Mtu wa bodaboda akifika huchukua chupa, akaiinua juani na kuitazama kitako, kwa sababu maji yakiwa yamechanganyika hutuama chini. Akiridhika, anachukua funeli iliyokatwa kwenye shingo ya chupa nyingine, anaitandika kitambaa cha kuchujia, anamimina taratibu bila kuacha hata tone. Na siku ambayo hela haikutosha, huilaza pikipiki ubavu kwa dakika moja ili mafuta yaliyojificha upande wa pili wa tangi yaelekee kwenye kabureta. Nimeliona tendo hilo mara nyingi kiasi kwamba sasa nalichukulia kama kipimo cha uchumi: pikipiki zikilazwa sana, mwezi ni mgumu.

Chupa ile imetembea. Mafuta yake yalichimbwa, kwa uwezekano mkubwa, katika nchi za Ghuba, yakasafishwa hukohuko au India, yakapakiwa melini kuja Afrika Mashariki. Shehena ya mikoa ya kaskazini hushushwa bandari ya Tanga. Kutoka Tanga lori la tangi hupanda zaidi ya kilomita 400 hadi Arusha, kisha huanza safari ndefu ya Loliondo, ama kwa kupitia Ngorongoro na Serengeti, ama kwa njia ya Mto wa Mbu, Engaruka na Engaresero, kandokando ya Ziwa Natron. Ile lami ya kilomita 49 kati ya Wasso na Sale imepunguza mateso, lakini haijaimaliza njia. Kutoka sheli ya mjini, mafuta huingia kwenye madumu, madumu hufungwa nyuma ya pikipiki, ndipo yafike mezani.

Kila hatua ina mtu wa kulipwa. Ndiyo maana EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, inapotangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, haitangazi bei moja ya nchi nzima. Hutoa orodha ya wilaya kwa wilaya. Bei kikomo maana yake ni bei ambayo muuzaji haruhusiwi kuivuka. Tafuta Arusha mjini katika orodha hiyo, kisha shuka hadi Ngorongoro. Tofauti utakayoiona ni gharama ya barabara. Na kumbuka kuwa lori lililobeba dizeli linakwenda kwa dizeli. Mafuta yakipanda, mtu wa Enguserosambu hulipa mara mbili: analipia yaliyomo ndani ya chupa, na analipia yaliyoungua njiani kuileta.

Je, yanaisha kweli?

Tuanze na maneno mawili. Mafuta ghafi ni yale yanayotoka ardhini, meusi na mazito, kabla ya kusafishwa yakatoa petroli, dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, gesi ya mtungi na hata lami. Pipa ni kipimo cha biashara yake, sawa na lita 159. Dunia huchoma takriban mapipa milioni 100 kila siku. Akiba iliyothibitishwa, yaani ile ambayo wataalamu wana hakika nayo na inaweza kuchimbwa kwa faida, ingetosha kiasi cha miaka 50 kwa mwendo huu.

Msomaji akisikia miaka 50 hufanya hesabu ya umri wa wajukuu wake. Lakini hesabu hiyo inapotosha, kwa sababu kisima cha mafuta hakiishi kama dumu linavyoisha. Fikiria ng'ombe wa maziwa. Akizaa hutoa kidogo, maziwa yanapanda, yanafika kileleni, kisha yanapungua siku baada ya siku hadi unaona kukamua hakuna faida. Maziwa bado yamo, ila hayalipi jasho lako. Mwaka 1956 Mmarekani M. King Hubbert, mtaalamu wa miamba, alitabiri kwamba uchimbaji wa nchi yake ungefika kileleni karibu na mwaka 1970. Ukafika. Bahari ya Kaskazini, ambayo iliitajirisha Uingereza, ilifika kilele mwaka 1999 na tangu hapo imekuwa ikishuka. Indonesia ilikuwa muuzaji mkubwa hata ikawa mwanachama wa OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta. Visima vikachoka, matumizi ya nyumbani yakaongezeka, ikageuka kuwa mnunuzi, na mwaka 2009 ikasimamisha uanachama wake.

Hubbert hakupatia kila kitu. Wamarekani walijifunza kupasua miamba migumu kwa maji yenye shinikizo kubwa na kukamua mafuta yaliyokuwa hayafikiki, na mwaka 2018 nchi hiyo ikawa inachimba mengi kuliko wakati wowote katika historia yake. Kwa hiyo wale waliotabiri miaka ya 2000 kwamba ukame wa mafuta umefika walikosea. Lakini tazama walichofanya Wamarekani: walihama kutoka mafuta rahisi kwenda mafuta ya gharama. Anayeyachimba lazima auze kwa bei ya juu, la sivyo anafunga. Mafuta rahisi ndiyo yanayotuaga.

Kwa mtu wa Enguserosambu, basi, neno “kuisha” lina maana tatu, na ni vizuri kuzitenganisha:

- Kuisha kisimani: hili ni la miongo, na halitatokea siku moja.
- Kuisha mfukoni: mafuta yapo mezani, hela ya kuyanunua haipo.
- Kukatika njiani: hela ipo, mafuta hayajafika.

La kwanza ndilo tunaloliogopa. La pili na la tatu ndiyo yanayotupiga.

Tumeshaonja

Mwezi Oktoba 1973, vita vilipozuka kati ya Israeli na jirani zake, nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliwakatia waliokuwa upande wa Israeli. Bei ya pipa ikaruka kutoka kama dola 3 hadi karibu dola 12 ndani ya miezi michache. Tanzania haikuwamo katika ugomvi ule, lakini iliulipia. Kabla haijapumua, mwaka 1979 yakaja mapinduzi ya Iran na bei ikapanda tena, wakati nchi ndiyo kwanza inatoka vitani Uganda na hazina haina fedha za kigeni. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka foleni za madebe, na Jumapili ambazo magari binafsi yalikatazwa barabarani kuanzia saa nane mchana. Mabasi ya vijijini yalilala wiki nzima. Aliyekuwa na baiskeli alihesabiwa mwenye bahati.

Miaka ya karibuni tumeonja tena. Julai 2008 pipa lilifika dola 147. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, petroli nchini ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali. Chanzo kilikuwa maelfu ya kilomita kutoka hapa. Vilevile, karibu sehemu moja ya tano ya mafuta ya dunia hupita katika Mlango wa Hormuz, ule upenyo mwembamba kati ya Iran na Oman ambao majahazi ya pwani yetu yaliujua karne nyingi kabla ya meli za mafuta. Mlango ule ukitikisika, meza ya chupa kijijini hutikisika.

Na bomba la Tanga je?

Hapa ndipo huwa naulizwa kwa matumaini. Uganda iligundua mafuta katika Ziwa Albert mwaka 2006. Bomba la kuyasafirisha linatoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Mafuta yale ni mazito kama samli ya asubuhi ya baridi, kwa hiyo bomba lazima lipashwe joto njia nzima ili yatiririke. Linapita mikoa minane, ukiwamo Manyara ambao ni jirani yetu.

Je, litashusha bei ya chupa? Sioni kwa namna gani. Kinachopita bombani ni mafuta ghafi ya kupakiwa melini na kuuzwa nje. Kiwanda chetu cha kusafishia, TIPER pale Kigamboni, kilifunguliwa mwaka 1966 na kiliacha kusafisha mafuta zamani; leo ni maghala. Kwa hiyo mafuta ghafi yataondokea Tanga, na petroli itaendelea kuingilia Tanga hapohapo, ikiwa na bei ya dunia. Nchi itapata ushuru na ajira, na hilo si dogo. Lakini aliyesimama mezani na chupa yake asiahidiwe kisichokuwemo.

Mafuta yakipanda, msitu hulipa

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike sura hii.

Wilayani Ngorongoro, kama ilivyo vijijini karibu Tanzania nzima, nishati kubwa kuliko zote si petroli wala umeme. Ni kuni. Mafuta yamekaa pembeni yake tu: kuwasha taa, kusaga, kusafiri, na kwa wachache kupikia. Kinachosahaulika ni kwamba hivi vyote vimeunganishwa kama vyombo vya maji vyenye mrija mmoja. Ukibana huku, maji yanapanda kule.

Mfano ulio wazi ni wa mwaka 2011. Wafanyabiashara walikuwa wakichanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa na kodi ndogo, kwenye dizeli, na injini za watu zikawa zinakufa. Serikali ikaamua kuziba mwanya huo kwa kupandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya 400 kwa lita. Uchakachuaji ulipungua kwa kuwa hapakuwa na faida tena. Lakini jiko la mchina, lile la tambi linalotumia mafuta ya taa, likatoka katika nyumba nyingi za mijini. Mama wa mjini hakuacha kupika. Alihamia mkaa, na mkaa hutoka kwenye mti uliosimama kijijini kwa mtu mwingine.

Mwaka uleule, magari kutoka pande zote za nchi na nje yalijipanga kilomita nyingi kwenda Samunge, katika tarafa ya Sale, kupata kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Watu walilala barabarani usiku na mchana, na waliolala walipika. Kama ilivyo popote njaa inapokutana na pori, kilichotumika kupikia kilikuwa kuni.

Msitu wa Enguserosambu si pori la kuokota kuni tu. Ndani yake kuna oltarakwai, ambao kwa Kiswahili ni mwerezi, mti wa nguzo usioliwa na mchwa. Kuna oloirien, mzeituni pori. Kuna malisho ya kiangazi, dawa, na mahali pa ibada. Juu ya yote kuna maji: mawingu hunaswa na miti ya kilele, chemchemi hutoka miguuni mwa milima, na vijito huteremka kuelekea bonde la Ziwa Natron, ambako ndiko heroe wa Afrika Mashariki, wale ndege wa waridi, huzalia. Kwa desturi mti mzima haukatwi kwa ajili ya moto. Huokotwa tawi lililokauka. Wazee wanalisimamia hilo, na kwa maoni yangu usimamizi huo umefanya kazi kubwa kuliko mabango yote ya wizara niliyowahi kuyasoma.

Ila desturi hiyo ilitungwa kwa ajili ya meko ya kijiji. Haikutungwa kwa ajili ya malori ya mkaa wa mji unaokua, wala kwa wakati ambapo gesi na mafuta yatakuwa ghali hadi kila jiko lirudi kwenye mti. Ndiyo maana nasema mafuta yakipanda, msitu hulipa, na msitu ukilipa, deni linamwangukia mwanamke anayeamka alfajiri kufuata maji kwenye chemchemi iliyosogea mbali.

Kwa ufupi hadi hapa. Mafuta hayatakauka kesho, lakini yatazidi kuwa ya gharama na ya kusuasua, na mwisho wa barabara ndiko yatakakoanza kukosekana. Yakikosekana, kinachochukua nafasi yake bila kuitwa ni kuni. Kwa hiyo lazima tuitayarishe nishati nyingine mapema, kabla ya shoka kujibu.

Lita moja ina nini ndani

Kabla ya kuizungumzia sola, tuwe wakweli kuhusu tunachotaka kukiacha. Lita moja ya dizeli ina nguvu ya takriban uniti 10 za umeme, uniti zilezile unazonunua kwenye LUKU. Mwanamume mwenye nguvu akilima kutwa hutoa kazi isiyozidi kiasi cha nusu uniti hivi. Hata ukikumbuka kuwa injini hupoteza sehemu mbili kati ya tatu za nguvu ile kwa joto na moshi, chupa mbili tatu za mezani zina kazi ya vibarua ya wiki nzima na zaidi. Hakuna kitu kingine ambacho binadamu amewahi kukiokota kikiwa na nguvu kiasi hicho, chepesi kubebwa namna hiyo. Ndiyo maana kuyaacha mafuta ni kugumu, na anayesema ni jambo jepesi hajawahi kubeba betri mgongoni.

Sasa tuweke upande wa pili. Paneli ya sola ya wati 100, ukubwa wa mlango mdogo, kwa jua letu hutoa kama uniti 0.4 kwa siku. Ni kidogo. Jenereta ndogo itatoa uniti 3 kwa lita moja ya dizeli, sawa na paneli ile ikikaa juani wiki nzima. Lakini paneli nzuri hudumu miaka 25. Zidisha: uniti 0.4 kwa siku, kwa miaka 25, ni karibu uniti 3,650. Kuzipata hizo kwa jenereta ungehitaji lita 1,200 na ushee, yaani madumu 60 ya lita 20. Hebu yafikirie madumu 60 yakipandishwa Enguserosambu kwa pikipiki, moja baada ya jingine, halafu tazama paneli iliyoletwa mara moja tu. Mahali ambapo usafiri ndio ughali wenyewe, kitu kinachosafiri mara moja ndicho chenye faida.

Bei ya paneli duniani ilishuka kwa karibu asilimia 90 kati ya mwaka 2010 na 2020. Vijana waliokua na koroboi, kama mimi niliyesoma nikiunguza nywele za paji la uso, hatukulitarajia hilo. Tatizo la sola vijijini limebaki kwenye betri. Betri za asidi hufa baada ya miaka miwili hadi minne, hasa zikitumiwa hadi zikauke kabisa, na mwenye boma huambiwa “sola imeharibika” kumbe paneli ni nzima. Betri za lithiamu hudumu zaidi na bei yake inashuka, lakini sokoni zimejaa feki. Ukinunua, ipime uzito na ulizia dhamana ya maandishi. Muuzaji anayekwepa swali hilo amekwisha kukujibu.

Umeme mkubwa, na ardhi ya nani

Kwa miaka mingi umeme wa Loliondo ulizalishwa na TANESCO kwa jenereta za dizeli. Maana yake ni kwamba hata aliyekuwa na nguzo nje ya nyumba yake alikuwa bado anategemea lori kutoka Tanga. Nchi imebadilika tangu hapo. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115, na mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umefikisha nguzo mbali, na gharama ya kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000. Nyumba ya matope na miti isiyoweza kutandazwa nyaya inaweza kufungiwa UMETA, kifaa cha umeme tayari chenye swichi na soketi mahali pamoja.

Chini ya miguu yetu pia kuna moto. Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu, upo wilayani Ngorongoro na mara ya mwisho ulilipuka kwa kishindo mwaka 2007 na 2008. Joto hilo la Bonde la Ufa huitwa jotoardhi: mvuke wa chini huchimbuliwa ukazungushe mitambo. Kenya ilianza Olkaria mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15, na leo jotoardhi hutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wake. Eneo la Natron limo katika maeneo ambayo Tanzania inayachunguza.

Naunga mkono nishati hizi kwa moyo wote, na kwa sababu hiyohiyo sitaficha upande wake mwingine. Mwaka 2014 kaya za Kimasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, yakaishia mezani kwa wasuluhishi. Kaskazini mwa Kenya, mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 na megawati 310, na mwaka 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 za ardhi yake hazikupatikana kwa utaratibu. Upepo hauna moshi, lakini nguzo yake inasimama kwenye malisho ya mtu. Katika wilaya ambayo neno “ardhi” huwafanya wazee wanyamaze kwanza kabla ya kujibu, mradi wa nishati usioanza na kikao cha kijiji umeanza na kosa.

Kipi kibadilishwe kwanza?

Ningekuwa na sauti katika halmashauri, ningepanga hivi.

Taa na simu vimeshapita. Sola imezichukua, mafuta ya taa hayarudi. Kinachofuata kiwe pampu ya maji. Kisima kinachoendeshwa na jenereta hunyamaza siku dizeli isipofika, na ng'ombe hasubiri lori. Pampu ya sola husukuma mchana jua likiwa kali, na kiangazi, ambapo maji yanahitajika zaidi, ndipo jua linapokuwa jingi. Haihitaji hata betri: tangi lililoinuliwa ndilo betri yake.

Mashine ya kusaga ifuate, kila mahali nguzo ya umeme ilipofika. Bodaboda itafuata yenyewe. Ethiopia mwaka 2024 ilizuia kuingiza magari ya petroli na dizeli, na Kigali tangu Januari 2025 haisajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria. Kwenye milima ya Loliondo, pikipiki ya umeme itangoja vituo vya kubadilishia betri, na sitamwahidi kijana wa Wasso kwamba ni mwakani.

Kupika ndiko kugumu, na ndiko kwenye uzito. Serikali imeweka mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Mitungi ya gesi imegawiwa kwa wingi. Ni msaada wa kweli kwa macho na vifua. Ila wengi hudhani gesi ya mtungi ni ile ya Songo Songo. Sivyo. Ya Songo Songo hupita bombani, na nyingi huishia kwenye mitambo ya umeme. Ya mtungi ni zao la mafuta, huagizwa nje, hupanda bei pamoja na petroli, na mtungi mtupu lazima ushuke tena mjini kujazwa. Kwa mwisho wa barabara, ni mfereji uleule.

Kwa hiyo ningeanza na jiko banifu lenye bomba la moshi. Mafiga matatu hupoteza zaidi ya robo tatu ya joto la kuni. Jiko lililojengwa vizuri huokoa sehemu kubwa yake, na hutengenezwa na fundi wa hapohapo. Penye umeme, sufuria la presha la umeme huivisha maharage kwa karibu nusu uniti. Mteja mdogo wa TANESCO asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa takriban shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi. Chungu cha maharage kwa shilingi 60 na kitu: sijaona kuni wala gesi inayoshindana na bei hiyo. Mtu akilijaribu mbele ya kina mama siku ya mnada, atauza yote aliyokuja nayo.

Nililieleza hili kwa yule mama wa kibuyu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama sufuria lile linaweza kupika loshoro, yaani mahindi yanayoliwa na maziwa mgando, nikamwambia linaweza. Kisha akafungua kibuyu chake na kunionyesha ndani, palipokuwa peusi na kung'aa. Kila anapokiosha huchoma kijiti cha oloirien, akakitumbukiza kikiwa na kaa jekundu, akasugua kuta hadi moshi ukolee, ndipo amimine maziwa. Bila hivyo maziwa huharibika upesi, na hata yasipoharibika hayana ladha.

“Haya, umeme uje,” alisema. “Lakini kijiti cha kibuyu nitakitoa msituni. Kimoja kwa siku kinanitosha.”